Kuchelewa Siku 9 Siyo Lazima Iwe Mimba: Simu ya Yule Dada Ilihesabu Nini?

Ilikuwa Ijumaa usiku. Mwigizaji mmoja wa tamthilia za Bongo, jina kubwa tu mjini, alitaka watu waone wimbo anaousikiliza. Akapiga skrinshoti, akaiweka stori, akalala zake. Hakuona kwamba juu ya skrini kulikuwa na notifikesheni imeshuka: hedhi yako imechelewa siku 9.

Alipoamka Jumamosi tayari alikuwa mama kijacho wa taifa.

Kurasa za udaku zilishazungushia maneno yale duara jekundu. Huku "Hongera kwake jamani", kule "Mzigo wa nani?" Kuna jamaa kwenye komenti alipiga hesabu kabisa kuanzia safari ya dada ya Zanzibar, akatoa, akajumlisha, akaibuka na mchezaji mpira. Watu wakamjazia laiki kama kafaulu mtihani wa taifa. Siku ya nne dada akaandika mistari miwili: hana mimba, alikuwa anashuti usiku mwezi mzima, na wageni wake wameshafika. Basi hapo upepo ukageuka, wale wale waliotoa hongera wakasema kumbe ni kiki.

Kati ya timu hongera na timu kiki, hakuna hata mmoja aliyeuliza kitu chepesi kabisa. Amechelewa kwenye nini? Nani alimpangia tarehe?

Aliyempangia ni aplikesheni, na aplikesheni haioni tumbo la mtu. Inachofanya ni hesabu ya darasa la tano. Inachukua tarehe ambazo mwenyewe aliingiza miezi iliyopita, inatafuta wastani wa siku kati ya hedhi moja na nyingine, inaujumlisha kwenye tarehe ya mwisho, inapata siku. Siku hiyo ikipita bila mtu kubonyeza kitufe cha "nimeanza", inaandika "umechelewa". Kwa mtu mpya asiye na kumbukumbu, nyingi zinaanza na 28 tu, au na namba anayoikisia mwenyewe siku ya kujisajili. Kwa hiyo "umechelewa siku 9" maana yake ni kwamba zimepita siku 9 tangu tarehe ambayo simu ilibahatisha. Inaweza kuwa mimba, ndiyo. Inaweza pia kuwa makisio mabovu. Na inaweza kuwa dada alikuwa bize lokesheni, damu ikaja, hakukumbuka kubonyeza.

Hiyo 28 nayo ina kesi ya kujibu. Wasichana wengi wametoka nayo shuleni: mzunguko siku 28, yai linatoka siku ya 14, mwisho wa somo. Mwaka 2019 ulitoka utafiti uliotumia kumbukumbu za watumiaji wa Natural Cycles, aplikesheni ya kampuni ya Sweden. Ilikuwa mizunguko zaidi ya 600,000 ya wanawake karibu 125,000, kiasi ambacho hakuna kliniki inayoweza kukikusanya kwa kuita watu mmoja mmoja. Wastani ukaja siku 29.3. Mizunguko iliyokuwa na siku 28 kamili ilikuwa kama 13 tu kwenye kila 100. Maana yake ile namba ya darasani ni ya wachache, halafu wengi waliobaki wamekuwa wakijiona wana kasoro.

Utafiti huo huo ulionyesha jambo ambalo lingemnyamazisha yule jamaa wa hesabu za Zanzibar. Kinachocheza zaidi ni nusu ya kwanza ya mzunguko, kabla yai halijatoka. Wastani wake ulikuwa siku kama 17, si 14, na unatofautiana sana kati ya mtu na mtu. Nusu ya pili, tangu yai litoke hadi damu ije, haiyumbi kiasi hicho. Ilikuwa siku 12 na kidogo. Ndiyo maana mtu ambaye hana mimba na "amechelewa" mara nyingi alichelewa mapema zaidi: yai ndilo lililochelewa kutoka, damu imefuata tu. Na yai lina sababu zake za kuchelewa. Msongo wa mawazo, kukosa usingizi, kupungua uzito kwa kasi (wale wa chai ya kukata tumbo wanajijua), mazoezi ya kupitiliza, kunyonyesha, matatizo ya tezi, homoni zisizokaa sawa. P2 nayo inaweza kusogeza hedhi mbele au nyuma kwa karibu wiki nzima, na wasichana wengi wanaimeza halafu wanashangaa kalenda imevurugika. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vinaweza hata kuifuta hedhi kabisa kwa muda. Mwezi mzima wa kushuti usiku ni sababu inayotosha. Ukiwa na wasiwasi wa mimba, kipimo cha mkojo kipo duka lolote la dawa, na kinajibu kitu ambacho aplikesheni haina uwezo wa kukijibu.

Hapa ndipo watu wanapokosea wakisikia habari za kufuatilia hedhi kwa simu. Wanadhani kitu cha maana ni ule utabiri. Utabiri ni mapambo. Cha maana ni kile mwanamke alichoandika mwenyewe, siku ilipotokea, kwa mkono wake.

Kuna mtangazaji wa redio, sauti yake inawaamsha watu wengi Dar wakiwa kwenye foleni. Wenzake studio walikuwa wanajua kila mwezi kuna siku mbili hayupo. Alishaambiwa kila kitu: anadeka, mvivu, ana bwana anamchelewesha asubuhi. Hospitali nako alishaenda zaidi ya mara moja. Mazungumzo yalikuwa mafupi. "Hedhi yako ikoje?" "Inatoka nyingi." "Inauma?" "Inauma sana." Akapewa za maumivu, akaambiwa ni kawaida, ukizaa yataisha. Ile ukizaa yataisha wasichana wa mji huu wameambiwa na daktari, na mama mkubwa, na shoga wa mama mkubwa, hadi na dada wa saluni.

Alichofanya, na alikisimulia mwenyewe hewani mwaka jana, ni kuacha kusema "nyingi" na "sana". Alianza kuandika kwenye aplikesheni kila siku ya hedhi: pedi ngapi, amebadilisha baada ya muda gani, mabonge yametoka au la, maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, amemeza vidonge vingapi, ameenda kazini au amebaki. Siku zisizo za hedhi aliandika tu kama ameona matone. Miezi sita. Akarudi hospitali, safari hii bila kusimulia sana, akamwonyesha daktari skrini. Damu siku 9 kila mwezi. Siku ya pili na ya tatu pedi inajaa ndani ya saa moja, na usiku anaamka mara nne. Siku za kazi alizokosa kwa miezi sita, 13.

Daktari yule, ambaye siyo yule wa ukizaa yataisha, hakumwambia ni kawaida. Alimpima wingi wa damu, akakuta 7, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa aanzie 12. Akampeleka utrasaundi. Uvimbe kwenye kizazi, na siyo mmoja. Kumbe yale mapigo ya moyo kwenda mbio akipanda ngazi za studio, ambayo yeye aliyahesabu kama unene, ilikuwa ni damu imeisha mwilini. Uvimbe wa aina hiyo unawapata zaidi wanawake weusi kuliko weupe, na wengi wanakaa nao miaka bila kujua kwa sababu wameshazoea kwamba hedhi ni mateso.

Tofauti kati ya safari ya kwanza na ya mwisho haikuwa ugonjwa, maana ugonjwa ulikuwepo siku zote. Ilikuwa ni maneno. "Sana" ya mgonjwa daktari hawezi kuipima, kila mtu ana sana yake. Pedi moja kwa saa inapimika. Siku 9 zinapimika. Mtaalamu akiona namba hizo ana mipaka ya kuzilinganisha nayo: kwa mtu mzima, mzunguko wa siku 24 hadi 38 unahesabiwa uko sawa, na damu isizidi siku 8. Marekani chama cha madaktari wa magonjwa ya wanawake kilishasema kitambo kwamba mzunguko wa msichana uchukuliwe kama kipimo muhimu cha afya, sawa na presha na mapigo ya moyo. Presha hakuna anayeipima kwa kuulizwa "unaionaje?"

Basi, kama kumbukumbu ndiyo mali, uvivu wa kuandika ndio unaoiharibu. Mtu anaruka miezi miwili, anarudi mwezi wa tatu, aplikesheni inaona mzunguko mmoja wa siku 85 na kuupiga wastani na mingine. Kuanzia hapo kila utabiri ni kichekesho. Mwingine anaona matone mawili Jumatano anabonyeza "nimeanza", wakati damu yenyewe imekuja Jumamosi. Mwingine anajaza Jumapili yote kwa kukumbuka. Na zile taarifa za "leo unaweza kuwa na hasira", zikitumwa asubuhi kwa mtu aliyeamka na furaha yake, zinaweza kumharibia siku bila homoni yoyote kuhusika. Hapo simu inaandika mwili badala ya mwili kuandika simu.

Kuna kosa kubwa kuliko hayo. Wiki kadhaa nyuma DJ mmoja na mpenzi wake walikaa kwenye kochi la kipindi cha mtandaoni wakajisifu kwamba wao hawana habari ya vidonge wala kondomu, "tunaangalia simu tu, ikiwa kijani twende". Watazamaji wakacheka. Ile rangi ya kijani ni makisio yale yale ya wastani. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5, na mwezi ambao yai limeamua kuwahi au kuchelewa, kijani na nyekundu zinakuwa zimebadilishana viti bila kuaga. Ni kweli Natural Cycles iliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2018 itumike kupanga uzazi. Lakini ile inadai mtu apime joto la mwili asubuhi, na hata hivyo kwa matumizi ya kawaida ya watu wa kawaida, kama 7 kwenye kila wanawake 100 wanapata mimba ndani ya mwaka. Kalenda tupu yenye maua ya pinki haijafika hata hapo. Wale wawili wasiposikia, itabidi waje kwenye kochi lile lile wakiwa watatu.

Lakini tuhuma nzito zaidi dhidi ya aplikesheni hizi ni ya siri, na haikutungwa na waoga. Flo, ambayo ni moja ya kubwa kabisa duniani, mwaka 2021 ilimalizana na tume ya biashara ya Marekani iliyoituhumu kupeleka taarifa za watumiaji kwa makampuni kama Facebook na Google, wakati iliwaahidi kwamba zitabaki siri. Mwaka 2022, mahakama kuu ya huko ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba, wanawake wengi Marekani walifuta aplikesheni zao kwa kuogopa kwamba tarehe zao zitageuka ushahidi. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la nyeti. Sheria zipo. Je, ni nani aliyewahi kusoma yale masharti kabla ya kubonyeza "nakubali"? Ukweli usemwe.

Hata hivyo, kwa msichana wa Sinza au Mbagala, mtu hatari zaidi hakai California. Anajua pini ya simu yake.

Mwanamuziki mmoja, ndoa yake ilitikisa mji, alihojiwa akasema huku anacheka kwamba kalenda ya mke wake anayo kwenye simu yake, "najua kabla hata yeye hajajua". Mtangazaji akapiga meza kwa kicheko, komenti zikajaa "mume bora". Inawezekana kabisa mke ndiye aliyempa, ili siku mbaya zikija akute maji ya moto na pedi zimeshanunuliwa. Ikiwa hivyo ni mapenzi, na wanaume wa kuiga hilo wanahitajika. Lakini hakuna aliyemuuliza kama aliombwa au aliichukua. Mwanaume anayefungua kalenda ya mwenzake ili ajue kwa nini "amechelewa" wakati yeye alikuwa safarini, yule siyo mume bora, ni askari. Wapo wanawake walioacha kuandika kabisa kwa sababu hiyo, na wakiacha wanapoteza ile ile miezi sita ambayo ingewafaa mbele ya daktari. Hasara hii haionekani popote, ndiyo maana hakuna anayeijadili.

Njia za kujikinga siyo ngumu. Notifikesheni zinaweza kuzimwa, au kuwekwa zisionyeshe maneno wakati skrini imefungwa; yule mwigizaji angelala salama. Nyingi zina sehemu ya kuweka pini yake peke yake. Zipo chache, kama drip na Euki, zinazotunza kila kitu ndani ya simu yenyewe bila kumtaka mtu afungue akaunti. Na asiye na bando wala simu ya maana hajaachwa nje. Mama zao walikuwa na ile kalenda ya ukutani ya duka la vifaa vya ujenzi, nyuma ya mlango, na kinukta kidogo cha peni ambacho baba alikiona miaka ishirini akidhani ni siku ya kikoba. Ilikuwa kumbukumbu kamili, haikuwahi kutuma tangazo la chupi kwa mtu.

Tukirudi kwa dada wa tamthilia: kama angekuwa na mazoea ya mtangazaji yule, siku 9 zile zisingemtisha. Angefungua nyuma akaangalia. Pengine kila anapopata kazi ya usiku mzunguko unavutika. Pengine ni mara ya kwanza kabisa, apime mkojo. Pengine ni mwezi wa tatu mfululizo unaruka ruka, aende hospitali. Majibu matatu tofauti kabisa, na yote yako kwenye tarehe zake mwenyewe, siyo kwenye safari ya Zanzibar wala kwenye mguu wa mchezaji mpira.

Posti yake ya mistari miwili bado ipo. Chini yake kuna komenti zaidi ya elfu mbili, nyingi ni vile vikatuni vya kulia kwa kicheko. Katikati, mahali ambapo mtu hafiki bila kuteremsha sana, kuna msichana ameandika: "Dada samahani hiyo aplikesheni inaitwaje? Mi huwa kila siku 35 na nina miaka 19, bibi anasema nimefungwa kizazi na anataka kunipeleka kwa mtaalamu." Ana laiki 3. Hakuna aliyemjibu.

Siku 35, zikija hivyo hivyo kila mara, ziko ndani ya 24 hadi 38. Hajafungwa chochote.